Begi la Fimbo 14 na Pengo la Mita 28: Uchambuzi wa Kisa cha Kupanga Fimbo za Gofu

Kisa hiki kinamhusu mchezaji mmoja wa gofu wa ridhaa na mwalimu wake, na namna walivyopanga upya fimbo zilizokuwa katika begi la mchezaji huyo. Majina yao, uwanja wanaouchezea na aina za fimbo zao havikutajwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wachezaji wa handikapu ya kati (handikapu ni idadi ya mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, na ikishuka ina maana amekuwa bora), ambao mara nyingi hununua seti nzima kwa pamoja na kuendelea kuibeba jinsi ilivyotoka dukani, wakiamini kwamba kila namba iliyochongwa kwenye soli, yaani upande wa chini wa kichwa cha fimbo, inawakilisha umbali wake. Kwa mchezaji huyu imani hiyo ilikuwa kweli katikati ya seti tu. Juu yake fimbo tatu zilifanya kazi ya fimbo moja, na chini yake kazi iliyojitokeza mara nyingi zaidi haikuwa na fimbo.

Usuli

Mchezaji alikuwa na umri wa miaka 58 na handikapu ya 19. Alijifunza gofu akiwa mtu mzima, anapiga kwa mdundo mzuri lakini kwa kasi ndogo, na huzunguka mashimo 18 kwa miguu. Begi lake lilikuwa na fimbo 14: draiva ya nyuzi 10.5, mbao namba 3 yenye nyuzi 15, mbao namba 5 yenye nyuzi 18, haibridi namba 3 yenye nyuzi 19, vyuma kuanzia namba 4 hadi namba 9, weji iliyokuja na seti, yenye nyuzi 44, weji ya mchanga ya nyuzi 56, weji ya nyuzi 60, na fimbo ya grini. Draiva na mbao ni fimbo za kupeleka mpira mbali, haibridi ni mchanganyiko wa mbao na chuma, weji ni chuma cha mikwaju mifupi, na fimbo ya grini ni ya kuusukuma mpira kwenye grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo.

Nyuzi hizi ndizo kipimo cha mwinamo wa uso wa fimbo. Uso uliosimama huutoa mpira chini na mbele, na uso uliolala huupandisha. Ni muhimu kuzitaja kwa sababu namba za vyuma hazina kiwango kimoja kwa watengenezaji wote, na zimekuwa zikihama. Katika seti za miongo kadhaa iliyopita, chuma namba 7 kilikuwa na nyuzi 35 au zaidi na weji ya seti ilikaribia nyuzi 48 au 50. Seti nyingi za leo zilizokusudiwa wachezaji wa kawaida zina chuma namba 7 cha nyuzi 30 au chini yake, na weji ya nyuzi 44 au hata 43. Watengenezaji wamesimamisha uso wa fimbo na kuushusha uzito chini ya kichwa ili mpira uendelee kupaa, kwa hiyo mnunuzi huona chuma chake kipya namba 7 kikipeleka mpira mbali kuliko cha zamani na kufurahi. Asichokiona ni kwamba weji ya mchanga imebaki pale pale kwenye nyuzi 54 au 56, na nafasi kati yake na weji ya seti imepanuka.

Tukio lililoanzisha mambo

Mchezaji mwenyewe alikuwa amelihisi pengo hilo bila kulipima. Mipira iliyomwachia mita 70 au 80 kufika kwenye grini ilimlazimu ama apige weji ya nyuzi 44 kwa nusu ya nguvu, ama aikaze ile ya 56 kupita uwezo wake. Alinunua weji ya nyuzi 52 na kuitumbukiza begini usiku wa kuamkia mashindano ya mikwaju, ambamo huhesabiwa jumla ya mikwaju ya mzunguko mzima, bila kutoa fimbo nyingine.

Katika kitii cha shimo la tatu, yaani mahali pa kuanzia shimo hilo, kedi wake (mbeba begi) aliyekuwa akifuta fimbo alinyamaza kidogo, akazihesabu tena kwa kidole, kisha akasema, "Mzee, hizi ni kumi na tano."

Kanuni ya 4.1b inaweka kikomo cha fimbo 14. Katika mchezo wa mikwaju adhabu ni mikwaju miwili kwa kila shimo ambalo kosa limetendeka, na haizidi mikwaju minne kwa mzunguko. Kwa kuwa alikwisha kumaliza mashimo mawili, alibeba yote minne. Alitamka papo hapo mbele ya wenzake kwamba weji ya 52 imeondolewa mchezoni na kuigeuza kichwa chini begini; angepiga mpira kwa fimbo hiyo baada ya tamko, angeenguliwa. Wachezaji wakubwa pia wamewahi kunaswa na kanuni hii. Ian Woosnam aliligundua kosa kama hilo katika mzunguko wa mwisho wa The Open ya mwaka 2001, kwenye kitii cha shimo la pili, baada ya draiva ya ziada kusahaulika begini, na mikwaju yake miwili ya adhabu ikaingia katika mashindano ambayo alimaliza akiwa miongoni mwa waliofungana nafasi ya tatu.

Baada ya mashindano mchezaji alimwendea mwalimu wake, mwanamke aliye mdogo kwake kwa umri, na swali moja: "Mwalimu, nitoe ipi?" Jibu lilikuwa, "Mzee, kabla hujatoa hata moja, tuzipime zote."

Vipimo

Walitumia mtambo wa rada unaoonyesha umbali ambao mpira husafiri angani kabla ya kugusa ardhi. Umbali wa angani ulichaguliwa badala ya umbali wa jumla kwa sababu kubiringika hutegemea ugumu wa ardhi, na kwa sababu mtego wa mchanga ulio mbele ya grini hauvukwi kwa kubiringika. Mchezaji alipiga mipira yake mwenyewe ya mashindano, maana mipira ya uwanja wa mazoezi mara nyingi huruka umbali mfupi zaidi na ingeyapotosha matokeo. Wastani ulichukuliwa bila kuondoa mipigo mibaya, isipokuwa ile ambayo kichwa cha fimbo kiligonga ardhi kabla ya kuufikia mpira.

Draiva ilitoa mita 175. Mbao namba 3 ilitoa mita 163 mpira ukiwa juu ya kitii, hapa kwa maana ya kijiti cha kuuinulia mpira, lakini ilipopigwa mpira ukiwa chini ilishuka hadi 150. Mbao namba 5 ilitoa 152 kutoka chini, na haibridi namba 3 ilitoa 150. Kisha vikaja vyuma: namba 4 mita 129, namba 5 mita 131, namba 6 mita 128, namba 7 mita 122, namba 8 mita 112, namba 9 mita 101. Weji ya nyuzi 44 ilitoa mita 90, ya 56 ikatoa 62, na ya 60 ikatoa 52.

Mchezaji aliyatazama matokeo ya vyuma vitatu vya juu na kuomba vipimwe upya. Vilipopimwa upya mpangilio haukubadilika. Chuma namba 4 kilipeleka mpira karibu nyuma kidogo ya namba 5, na tofauti kati ya namba 4 na namba 6 ilikuwa mita moja.

Jambo hili huwashangaza wengi, nalo lina sababu iliyo wazi. Mpira wa gofu hukaa angani kwa kasi, kwa kimo cha kuondokea, na kwa mzunguko wa kurudi nyuma unaouinua. Mchezaji mwenye kasi kubwa akipunguza mwinamo wa uso, mpira hutoka chini zaidi lakini bado una nguvu ya kutosha kupaa na kwenda mbali. Kasi ikiwa ndogo, mpira unaotoka kwenye uso uliosimama huondoka chini, huzunguka kidogo, na huanguka kabla haujafaidi mwendo wa ziada uliopewa. Kila kinachoongezwa na mwinamo mdogo kinanyang'anywa na ukosefu wa kimo. Hilo hilo ndilo lililoifanya mbao namba 3 ishindwe na namba 5 mpira ulipokuwa chini: kitii kilipoondolewa, kimo nacho kiliondoka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuwa na ubishi. Vyuma namba 4 na namba 5 vilitolewa, na mahali pake ikaingia haibridi moja namba 5 yenye nyuzi 25, ambayo kichwa chake kipana hubeba uzito chini na nyuma na hivyo kuusaidia mpira kupanda. Ilitoa mita 138. Pengo la zaidi ya mita 20 lililokuwa kati ya chuma cha juu na mbao namba 5 likagawanyika karibu katikati.

Uamuzi wa pili ulihusu mbao namba 5 na haibridi namba 3, ambazo zilitofautiana kwa mita mbili. Mwalimu alipendekeza mbao ibaki kwa sababu ilipaa juu zaidi na mpira wake ulitua kwa pembe iliyosimama, jambo linalosaidia mpira kusimama kwenye grini. Mchezaji aliipenda haibridi kwa sababu ilimtoa vizuri kwenye nyasi ndefu. Walikubaliana kwamba kazi ya nyasi ndefu ingefanywa na haibridi mpya ya nyuzi 25, kwa hoja kwamba mpira uliozama katika nyasi hauhitaji mita 150 bali unahitaji kurudi njiani, kwenye nyasi zilizokatwa fupi. Haibridi namba 3 ikatoka.

Kuhusu mbao namba 3 hawakukubaliana. Mwalimu aliona kwamba fimbo inayopitwa na ndogo yake haina sababu ya kubebwa. Mchezaji alikataa. Alieleza kwamba uwanja wake una mashimo mawili membamba ambako draiva humtupa vichakani na mbao namba 5 humwachia mkwaju wa pili usiofika kwenye grini. Kwenye vitii hivyo viwili mbao namba 3 ndiyo fimbo yake, na hana haja ya kuipiga mpira ukiwa chini. Mbao ikabaki, kwa sharti kwamba itumike juu ya kitii tu.

Uamuzi wa nne ndio uliokuwa na madhara makubwa zaidi, mazuri na mabaya. Kati ya nyuzi 44 na 56 fimbo ya katikati ni ya nyuzi 50, ambayo huacha hatua mbili za nyuzi sita. Ile ya 52 iliyokwisha kununuliwa ingeacha hatua ya nyuzi nane na nyingine ya nne. Kichwa chake kilikuwa cha chuma laini kilichofuliwa, kinachokubali kukunjwa kidogo shingoni bila kuvunjika, tofauti na vichwa vingi vya kusubu. Ili kuepuka gharama ya fimbo nyingine, fundi aliikunja kwa nyuzi mbili, ikawa ya 50. Ilipopimwa ilitoa mita 77. Mtu akiziandika namba hizo mfululizo, 90, 77, 62, anaona ngazi aliyoikosa mchezaji kwa muda mrefu.

Weji ya nyuzi 60 ilitolewa kwa majaribio. Begi likabaki na fimbo 12, na mchezaji akauliza nafasi mbili zilizobaki zijazwe na nini. Mwalimu alishauri ziachwe wazi. Kanuni zinamruhusu anayeanza mzunguko na pungufu ya fimbo 14 kuongeza njiani hadi kufikia kikomo, mradi asicheleweshe mchezo wala asichukue fimbo ya mtu mwingine anayecheza uwanjani. Basi kuanza na 12 hakumfungii mtu mlango.

Matokeo

Katika msimu uliofuata mchezaji aliendelea kuandika fimbo aliyotumia katika kila mkwaju wa kuelekea grini. Mipira ya kutoka mita 70 hadi 90, ambayo zamani ilitawanyika mbele na nyuma ya shimo, sasa ilianza kutua kwenye grini mara nyingi zaidi. Haibridi mpya ilizoeleka haraka na kuwa miongoni mwa fimbo alizozitumia zaidi. Mbao namba 3 ilifanya kazi yake kwenye mashimo yale mawili na haikugusa nyasi.

Kisha mvua zikaja, na weji ya 50 ikageuka. Alipopiga kwenye ardhi laini, ukingo wa mbele wa fimbo ulizama, ukachimba kipande cha udongo kinene kama mkate, na mpira ukaanguka mita chache mbele. Mchezaji alidhani mkono wake umeharibika na akatumia majuma kadhaa kuurekebisha mkwaju ambao haukuwa na kasoro.

Chanzo kilikuwa soli. Chini ya weji kuna pembe inayoufanya upande wa nyuma wa soli ukae chini kuliko ukingo wa mbele, na pembe hiyo ndiyo inayoizuia fimbo isizame kwenye mchanga au udongo laini. Weji ya 52 ilitoka kiwandani na pembe ya soli ya nyuzi nane. Kichwa kinapokunjwa ili uso usimame kwa nyuzi mbili, soli nayo hugeuka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo pembe ilishuka hadi nyuzi sita. Kwa mchezaji anayeushukia mpira kwa ukali, kama yeye, nyuzi sita ni chache kwenye ardhi yenye maji.

Weji ile iliwekwa kando na nyingine ya nyuzi 50, yenye pembe ya soli ya nyuzi 12, ikachukua nafasi yake. Kuchimba kukapungua. Mwisho wa msimu handikapu ya mchezaji ilikuwa 17.

Uchambuzi

Nianze na handikapu, kwa sababu ndiyo wasomaji watakayoikimbilia. Isichukuliwe kuwa ni zawadi ya begi jipya. Katika kipindi hicho hicho mchezaji alikuwa akifundishwa mikwaju ya grini kila juma, na mikwaju ya grini ni sehemu kubwa ya hesabu ya mchezaji yeyote. Kinachoweza kuhusishwa na fimbo kwa haki ni kile kilichoandikwa kwa fimbo: mikwaju ya mita 70 hadi 90, na ile ya mita 130 hadi 140.

Kilichofaulu zaidi ni kupima kabla ya kutoa. Swali la mchezaji, "nitoe ipi?", lilikwisha kukubali kwamba fimbo nyingine 13 zilikuwa mahali pake. Lingejibiwa jinsi lilivyoulizwa, angetoa weji ya 60 au chuma namba 4, pengo la juu na marudio ya vyuma yangebaki, na hakuna ambaye angejua. Ningeongeza kwamba uamuzi wa kupima umbali wa angani pekee ulikuwa sahihi kwa vyuma na weji, lakini kwa mbao za kitii unaficha nusu ya habari, kwa kuwa mpira wa mbao unaotua kwenye njia kavu huendelea kubiringika.

Hapo ndipo ninapomuunga mkono mchezaji dhidi ya mwalimu kuhusu mbao namba 3. Mwalimu alisoma orodha ya mita kana kwamba kila fimbo hupigwa mahali pamoja. Fimbo mbili zenye umbali unaokaribiana zinaweza kuwa na kazi mbili, na zinazotofautiana zinaweza kukosa kazi kabisa. Phil Mickelson alishinda Masters ya mwaka 2006 akibeba draiva mbili, moja kwa mpira wa kupinda upande mmoja na nyingine kwa mpira wa upande wa pili. Kwa macho ya anayehesabu mita tu, moja ingekuwa ya kutupwa. Sharti la kuitumia mbao namba 3 kwenye kitii tu liliigeuza kutoka fimbo yenye mashaka kuwa fimbo yenye anwani.

Kosa la weji linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu halikutokana na uzembe. Kila hatua ilikuwa na mantiki: fimbo ilikuwepo, fundi alikuwepo, nyuzi mbili ni kiasi kinachovumilika, na mtambo wa rada ulithibitisha mita 77. Tatizo ni kwamba vipimo vyote vilifanyika juu ya zulia la plastiki. Fimbo ikiligonga zulia nyuma ya mpira haichimbi. Huteleza, huufikia mpira, na rada huandika mkwaju mzuri. Ile sheria ya kuondoa mipigo iliyogonga ardhi kwanza haikuweza kufanya kazi mahali ambapo kugonga kwanza hakusikiki. Weji hasa, ambayo kazi yake ni kukutana na ardhi, inapaswa kujaribiwa kwenye nyasi, na ikiwezekana kwenye nyasi kavu na zenye unyevu, kabla ya mtu kuamini namba yake.

Upande wa fundi nao una funzo dogo la utaratibu. Aliombwa abadilishe mwinamo akaubadilisha. Hakuulizwa kuhusu soli wala hakusema. Anayekunja weji aandike namba zote mbili, mwinamo na pembe ya soli, kabla na baada. Kama kazi ingekuwa kinyume, yaani kuulaza uso zaidi, soli ingeongezeka badala ya kupungua, na madhara yangejitokeza kwenye ardhi ngumu ambako soli nene hudunda na ukingo wa fimbo kuupiga mpira tumboni.

Fimbo 12 zilitosha. Kikomo cha 14 kiliwekwa na vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu, USGA ya Marekani mwaka 1938 na R&A mwaka uliofuata ili kuzuia mabegi yaliyokuwa yamejaa kupita kiasi, na tangu hapo wachezaji wengi wamekichukulia kana kwamba ni idadi ya lazima. Chick Evans alitwaa U.S. Open ya mwaka 1916 kwa fimbo saba. Sisemi mchezaji wa handikapu ya 19 amwige Evans. Nasema kwamba kwa mtu anayetembea mashimo 18, fimbo isiyotoka begini ni uzito tu, na ikitoka humwongezea shaka mahali ambapo angekuwa tayari ameshaamua.

Kuhusu weji ya nyuzi 60 kisa hiki hakitoi hukumu. Mchezaji aliitumia mara chache mno kabla haijatolewa, kwa hiyo hakuna rekodi ya kulinganisha, na mara mbili tatu alizoikumbuka alikuwa amenaswa nyuma ya mtego wenye ukuta mrefu, hali ambayo hata weji ya 56 iliyolazwa uso wake mkononi ingeweza kuimudu kwa mazoezi.

Limebaki jambo moja ambalo bado wanalijadili. Kati ya chuma namba 6 na namba 7 kuna mita sita tu, na umri hauongezi kasi. Mwalimu anapendekeza chuma namba 6 kitolewe msimu ujao na haibridi ya nyuzi 25 ikae moja kwa moja juu ya namba 7, kwa tofauti ya mita 16. Mchezaji anaona hatua hiyo ni ndefu mno. Wamekubaliana kukipima tena, safari hii kwenye nyasi.